Mkalimani, Chumba cha Tatu

Miaka kumi na mmoja nala mkate wa maneno ya wengine
hapa mahakama ya Makadara, chumba cha tatu,
chini ya feni inayoyumba kama mtu anayetafuta funguo.
Shahidi husema Kikamba, nami nasema Kiswahili,
hakimu huandika Kiingereza kwa wino mweusi,
hata ukweli ukifika kwenye jalada
umeshavuka mito miwili, viatu mkononi.

Kanuni yangu ni moja: usiongeze, usipunguze.
Akisema "mimi", nami nasema "mimi".
Nimeshaiba ng'ombe humu ndani. Nimeshapigwa na mume.
Nimeshakana watoto niliowazaa,
kisha saa saba nikashuka kula chapati na ndengu.

Jumanne aliitwa shahidi wa nne,
Syombua Muema, mfagiaji,
ghala la dawa, Barabara ya Lunga Lunga.
Kizimbani bosi wake, suti ya kijivu,
akipangusa miwani isiyokuwa na vumbi.
Kiongozi wa mashtaka akainua chupa ya dawa ya kikohozi,
akaitikisa kidogo:
Tarehe ya zamani ilifutwa. Nani aliifuta?

Nikafasiri.
Syombua akatazama vidole vyake.

Kuna kimya cha asiyesikia, na kimya cha asiyejua,
na kuna hiki, kinachojua kila kitu
na kimeegemea mlango kwa ndani
ili usifunguke.

"Mkalimani, shahidi amesema nini?"
"Hajasema, mheshimiwa."
Nikaona haya, kana kwamba kazi imenishinda.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akazungumza taratibu,
kama anayempimia mgonjwa dawa kwa kijiko:
Mwambie sheria inamtaka ajibu.
Mwambie pia, jibu analolazimishwa kulitoa hapa
halitachukuliwa kesho kumshtaki nalo yeye mwenyewe,
ila akisema uongo.

Jambo hilo kwa Kiingereza lina jina refu, lililopigwa pasi.
La kwetu nililitafuta, sikulipata.
Nikamwambia: neno lako halitasokotwa
likufunge mikono.
Kiswahili kingesema kamba. Siku nyingine ningecheka.

Aliniinamia, akaniuliza
kwa sauti ya jirani anayeomba chumvi:
Na yule je?
Akaelekeza kidevu benchi la nyuma,
kwa mwanamke wa leso ya manjano, wa Mukuru,
aliyekuja na kadi ya kliniki imekunjwa mara nne
ingawa hana tena wa kumpeleka kliniki.
Sheria imemwambia na yeye asiyachukue maneno yangu?

Usiongeze, usipunguze.
Nikafasiri, na chumba kizima kikasikia swali
ambalo mahakama haikuwa imeulizwa.
Hakimu hakuliandika. Feni ikaendelea.

Kisha Syombua akajibu, haraka, bila kuvuta pumzi,
nami nikafungua kinywa, kama kanuni inavyotaka:
"Ni mimi niliyezifuta. Kwa spiriti na pamba.
Shilingi mbili kila chupa.
Sikuuliza zinakwenda wapi.
Nilijua."

Mwanamke wa leso akainua uso.
Hakumtazama Syombua.
Sauti ilikuwa yangu, Kiswahili kilikuwa changu,
alinitazama mimi,
na hapakuwa na kifungu cha kunikinga.

Usiku, nyumbani Umoja, nilitoa kabatini chupa ya watoto wangu,
nikaisoma tarehe kwa mwanga wa simu,
nikaisugua kwa kidole gumba.
Haikutoka.
Lakini sikuwa na spiriti.